Wasia wa Mguu: Safari ya Katangi



Wengi wenu mwaijua njia ya Nairobi, ama kwa basi la usiku ama kwa treni ya Madaraka iliyoanza mwaka 2017. Wachache miongoni mwetu wameiacha njia kuu pale makutano ya Kyumbi, wakaingia Machakos, kisha wakaendelea mbele hata Katangi. Mimi nilikwenda huko mwezi uliopita pamoja na mjane mmoja wa jamaa zetu, aliyekwisha kutoka edani, na wanawe wawili wa kiume. Hatukwenda kutembea. Tulikwenda kwa ajili ya wasia.

Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori. Miaka mingi iliyopita gurudumu lilipasuka katika barabara ya kuelekea Kitui, lori likapinduka, naye akabanwa na chuma. Watu wa Katangi waliokuwa wakitoka sokoni ndio waliomtoa. Mwanamke mmoja alivua leso yake akaukaza mguu uliokuwa ukivuja damu, na vijana wakamkimbiza hospitali kwa gari la kubebea mchanga. Mguu ulikatwa chini ya goti, lakini roho ilibaki. Baadaye alipata mguu wa bandia hapa hapa kwetu, Port Reitz, akatembea nao, akaswali nao, akaoza binti zake wawili akiwa amesimama. Alipohisi ajali yake imekaribia aliandika kwamba katika thuluthi ya mali yake pafanywe mahali pa kutengenezea miguu huko Katangi, kwa yeyote asiye na mguu, bila kuulizwa dini yake.

Maneno yalikuwa hayo tu. Mwana mkubwa aliyafahamu kuwa ni jengo, na tayari alikuwa amekwisha kuchorewa ramani yake, lenye jina la baba juu ya mlango. Mwana mdogo aliona jengo ni gharama ya bure. Alitaka fedha zigawiwe kwa vilema wa huko mara moja, mambo yaishe. Walikuwa hawasemezani kwa muda. Mama yao ndiye aliyeniomba tufuatane, tukapaone mahali penyewe kabla shilingi moja haijatoka.

Tulitoka Mombasa baada ya alfajiri, na adhuhuri tuliswali Machakos. Mji huu ni wa kale kuliko Nairobi. Jina lake limetokana na Masaku, mzee wa Kikamba, na Waingereza waliufanya makao yao ya bara hadi walipohamia Nairobi mwaka 1899. Babu zetu wa pwani waliijua Ukambani kwa misafara, na Wakamba nao wakishuka pwani na pembe za ndovu. Hatuko wageni kwa wageni.

Kutoka Machakos barabara hupita Masii, kisha Wamunyu. Jina la Wamunyu liwe zito masikioni mwa mtu wa Mombasa, kwani ndiko chimbuko la uchongaji wa Kikamba. Husimuliwa kwamba Mutisya wa Munge alirudi na ufundi huo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, akiwa amejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika. Wachongaji wale tuwaonao Changamwe, katika ushirika wa Akamba, wengi asili yao ni vilima hivi. Nilimwambia mwana mkubwa: watu hawa wanajua kuchonga mguu wa twiga usimame bila kuyumba, lililopungua kwao si mikono.

Baada ya Wamunyu njia huuvuka mto Athi na kuupanda uwanda wa Yatta. Uwanda huu ni mtiririko wa zaha ya volkeno iliyoganda zamani mno, urefu wake wakaribia kilomita 300, toka upande wa Ol Donyo Sabuk hadi Tsavo. Juu yake ndipo ilipo Katangi: soko, maduka ya mabati, pikipiki za bodaboda zikingoja abiria, vumbi jekundu, migunga, na mashamba ya mbaazi, pojo na mahindi yanayotazama mbingu. Mvua ikija huja kwa wingi, kisha mito hukauka ikabaki mchanga. Hapo akina mama wa Kikamba wana hekima kubwa. Hukusanyika katika vikundi vyao vya kazi ya ujima, waviitavyo mwethya, wakajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mkondo wa mto wa mchanga. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta, maji hujificha ndani ya mchanga, na jua haliyafikii. Miezi ya kiangazi huchimba kidogo wakateka. Mjane wetu alisimama muda mrefu akiutazama ukuta mmoja wa namna hiyo, akauliza nani aliyeulipia. Akajibiwa kuwa saruji ilitoka kwa wafadhili, lakini mawe na mikono ni yao wenyewe. Na ufa ukitokea, huziba wao.

Watu walikusanyika chini ya mgunga. Hawakuwa wengi, nao hawakuja kulia. Alikuwapo mzee aliyepoteza mguu kwa kuumwa na nyoka, akitembelea gongo alilolichonga mwenyewe. Kijana wa bodaboda, aliyegongwa usiku. Mama aliyekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Mvulana wa skuli aliyepewa mguu mzuri alipokuwa na miaka minane. Sasa ana kumi na moja, na mguu ule umebaki mfupi kwa kiasi cha vidole vinne. Na bibi mmoja alitutolea mguu uliofungwa ndani ya kanga. Aliletewa na wageni wema kutoka ng'ambo. Ulikuwa mguu wa mtu mwingine kabla yake: mrefu kuliko wake, na ukimbana hata kutoa malengelenge. Alikuwa ameuweka chini ya kitanda kwa miaka minne, kwa sababu, alisema, si adabu kutupa zawadi.

Tulikuwa tumefuatana na binti mmoja wa Kikamba, fundi wa viungo bandia aliyesomea Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, Nairobi. Nataka niyaeleze aliyotufundisha, kwani wengi wetu twadhani mguu wa bandia hununuliwa kama kiatu.

Kwanza, alisema, mguu haununuliwi, hupimwa. Kigutu hufungwa bendeji ya plasta iliyoloweshwa maji. Ikikauka huvuliwa, na ndani yake humiminwa plasta nyingine, likapatikana umbo la kigutu chenyewe. Fundi hulipunguza hapa na kuliongeza pale, ili uzito wa mwili ukae panapoweza kustahimili, usikae juu ya ncha ya mfupa. Kisha bamba la plastiki, jamii ile ifanyiwayo viti, hupashwa moto katika tanuri, likavikwa juu ya umbo hilo na kufyonzwa hewa hadi ligande. Hicho ndicho kikombe cha kuingilia kigutu. Chini yake huja mlingoti, na chini kabisa unyayo wa mpira. Baada ya hapo mtu hufundishwa kutembea baina ya vyuma viwili vya kushikilia, na fundi hurekebisha tena na tena. Ikiwa kikombe hakikukaa sawasawa, kazi yote imepotea, na mguu utakwenda chini ya kitanda.

Plastiki hiyo ilienezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu tangu miaka ya 1990, kwa kuwa ni rahisi na imara. Nao unyayo wa mpira una kisa chake. Katika mji wa Jaipur, India, mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi waliona kuwa miguu ya kizungu imetengenezwa kwa watu wa viatu na viti. Mkulima wao alitaka kuchuchumaa, kukaa chini na kutembea peku kwenye matope. Wakabuni unyayo wa mpira upindao. Mwaka 1975 D. R. Mehta akaanzisha jumuiya ya hisani huko huko Jaipur, nayo hutoa miguu hiyo bila malipo. Nasi tuyafikirie hayo: mtu aswaliye, akaaye mkekani, aendaye choo cha kuchuchumaa, ana haja ya mguu unaoyajua maisha yake.

Pili, alisema, mguu si sadaka ya mara moja. Wa mtu mzima hudumu miaka mitatu hadi mitano, tena pengine kwa shamba la mawe hudumu chini ya hapo. Mtoto anayekua huhitaji kubadilishiwa kila baada ya miezi sita au mwaka. Anayempa mtoto mguu mmoja kisha akaondoka, amempa mwaka mmoja wa kutembea.

Tatu, jengo ni sehemu iliyo rahisi kabisa. Tanuri hununuliwa siku moja; fundi hufundishwa kwa miaka. Afrika Mashariki tuna pa kuwafundishia: Nairobi, na Moshi nchini Tanzania, kile chuo cha TATCOT karibu na hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1981 na kupokea wanafunzi toka nchi nyingi za Afrika. Lakini fundi huyo naye ana watoto. Asipolipwa mshahara, ataifuata riziki mjini, na tanuri litakuwa kiota cha kuku. Hata mashirika makubwa hufika siku yakakabidhi. Hospitali ya Lopiding, kule Lokichoggio, ilifunguliwa na Msalaba Mwekundu mwaka 1987 kwa majeruhi wa vita vya Sudan, na maelfu walitibiwa humo, wengine wakatoka na miguu. Mwaka 2006 ikakabidhiwa serikali ya Kenya. Kila mwanzilishi na aulize tangu siku ya kwanza: nitakapoondoka, nani atashika?

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 5 katika kila 1,000 huhitaji viungo bandia au vifaa vya kushikilia viungo, na liliwahi kukadiria kwamba katika wanaohitaji vifaa vya kuwasaidia ulemavuni, aliyevipata alikuwa mmoja tu katika kila 10. Katika nchi zetu wengi hukwama njiani: nauli ya kwenda mjini, malazi ya kungoja, na kurudi tena kwa marekebisho.

Usiku ule, katika nyumba tuliyokaribishwa, ndugu wawili walisemezana kwa mara ya kwanza, ijapokuwa kwa ukali. Mkubwa alisema wasia ni amana, na baba alitaja mahali. Mdogo alisema jengo tupu si mahali pa miguu. Wakanigeukia mimi.

Niliwakumbusha kwamba Qur'ani, katika Surat al-Baqara, imemwonya vikali mwenye kuugeuza wasia baada ya kuusikia. Na aya inayofuata ikamwondolea dhambi mwenye kusuluhisha pale anapochelea upotofu. Basi hatuna ruhusa ya kuzipeleka fedha hizi kwingine, wala kuzigawa kama iftari ikaisha usiku mmoja. Lakini tunayo ruhusa, tena ni wajibu, kutafuta njia itakayolifikisha neno la marehemu kunako makusudio yake. Kuhusu wale wanaouliza kwa nini mali ya Mwislamu iwaendee majirani wasio Waislamu, jawabu ni kwamba zaka ina watu wake waliotajwa, ama wasia na sadaka ni mlango mpana. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameusihisha wasia kwa asiyekuwa Mwislamu anayeishi nasi kwa amani, na Surat al-Mumtahina haikutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita. Watu hawa walimvuta ndugu yetu kutoka chini ya chuma bila kumwuliza jina lake.

Kisha nikawatajia shamba la Sayyidna Umar (r.a.) huko Khaybar. Alipotaka ushauri, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili ya mali na atoe matunda yake sadaka. Huo ndio wakfu, na pwani yetu imejengwa juu yake: misikiti, visima, vyuo. Mali inayoliwa huisha. Mali inayozuiwa hulisha.

Mjane alikuwa kimya muda wote. Ndipo akasema kwa utaratibu, "Wanangu, baba yenu hakuomba nyumba, na hakuomba fedha zigawiwe. Aliomba miguu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga mikanda kila asubuhi, najua mguu wahitaji nini. Wahitaji mtu wa kuurudia."

Walikubaliana hivi. Thuluthi ile itanunua duka la kupangisha Mombasa, liwekwe wakfu. Sehemu ya kodi italitunza duka lenyewe. Iliyobaki itamleta fundi Katangi mara moja kila mwezi, apime vigutu katika chumba kimoja ambacho mwenye duka wa huko amejitolea kukitoa. Miguu itatengenezwa kwenye karakana iliyokwishapo mjini, kisha irudishwe Katangi kwa kuvalishwa na kurekebishwa. Akina mama wa mwethya wataweka daftari la majina na zamu, nao ndio watakaoamua nani atangulie. Na kodi ya kila mwaka itatengewa fungu la kumsomesha kijana mmoja wa Katangi ufundi huu, mvulana au msichana, ili siku moja tanuri likija limkute mwenyewe. Hivi niandikapo, hati za wakfu zinaandaliwa na ruhusa ya idara ya afya ya kaunti inasubiriwa. Mwana mkubwa ndiye aliyeomba kuzishughulikia hati. Ramani yake ameikunja, hakuichana; alisema huenda ikahitajika miaka kumi mbele.

Mama mmoja wa hapa kwetu aliposikia habari hizi aliniuliza masuala ambayo naona faida yake ni ya wote. La kwanza, je, mwenye mguu wa bandia hutawadha vipi? Ikiwa mguu umekatwa juu ya kifundo, faradhi ya kuosha mguu huo imeanguka, na ni vyema kuosha sehemu iliyobakia. Mguu wa bandia si kiungo cha kuoshwa. Ukiwa umekatwa chini ya kifundo, kilichobaki huoshwa. Ataswali nao maadamu ni tohara, na asiyeweza kusimama aswali ameketi, na ujira wake haupungui. La pili, mwanamke anapimwaje paja lake? Atafutwe fundi wa kike kwanza. Akikosekana, dharura huruhusu fundi wa kiume, awepo mahramu au mwanamke mwingine, na kifunuliwe kile tu kinachohitajiwa. Haya yasiwe kisingizio cha kumwacha mwanamke nyumbani miaka na miaka. Na wasiwasi wa kwamba kiungo bandia ni kubadilisha maumbile hauna msingi. Sahaba Arfaja (r.a.) alikatwa pua vitani zama za ujahili, akajifanyia pua ya fedha, ikamnukia vibaya, Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aifanye ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Tazameni jinsi dini inavyoijali heshima ya mtu aliyepungukiwa.

Neno la mwisho ni letu sisi wa pwani. Yule mama wa sukari niliyemkuta Katangi, mfano wake umejaa katika nyumba zetu. Mguu wake ulianza na kidonda kidogo cha msumari ambacho hakukihisi, kwa kuwa sukari huua hisia za unyayo. Basi mwenye sukari atazamwe nyayo zake kila usiku. Asiyeweza kujiinamia, mwanawe amtazamie. Baada ya udhu, baina ya vidole pakaushwe vizuri. Asitembee peku hata uani, asikande miguu kwa maji ya moto bila mtu mwingine kuyajaribu, na kidonda kisichopona kwa siku chache kipelekwe hospitali, kisifungwe majani. Chai nayo ipunguziwe sukari, na mahamri yawe ya mgeni. Mguu uliookolewa ni bora kuliko mguu wa bandia ulio mzuri kuliko yote.

Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Leo twamhesabu mwenzetu kuwa kilema, na kesho hatujui. Ikiwa nyumbani kwako kuna magongo au kiti cha magurudumu ambacho mwenyewe amekwisha kutangulia mbele ya haki, usikiache kikiota kutu stoo. Kitoe, kwanza kwa jirani yako. Na mwenye mali aandike wasia wake akiwa mzima, aufafanue, asiwaachie wanawe maneno machache ya kugombania.

Ewe Mola, mrehemu dereva yule, umpe kwa kila hatua itakayopigwa Katangi ujira usiokatika. Wape shifaa wagonjwa wetu, uwahifadhi watoto wetu barabarani, na utufanye wepesi wa kutoa na wenye subira ya kuendeleza. Amin.